Nafasi Kwenye Benchi la Jardin

Tulimzika Tantine Beata majuzi, mvua zikiwa zinaanza kurudi, na matanga yakawekwa nyumbani kwake Muhumba, hapa Bukavu, katika salon ile ile ya kupokelea wageni niliyoingia kwa mara ya kwanza nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, na kikapu cha mchele kichwani. Mtu anayekuja matangani anasalimia, anakaa, ananyamaza inavyotakiwa, halafu macho yake yanaanza kutafuta mahali pa kupumzika. Katika salon ya Tantine macho ya kila mtu yanaishia juu ya buffet, lile kabati la vyombo, kwenye picha ya harusi ya binti yake Noela. Ni picha kubwa, na rangi zake zimeanza kugeuka za chai. Upande mmoja unaonekana ukuta wa mawe meusi na mlango wake, nyuma kabisa kuna ziwa, na mbele kuna benchi refu la mawe. Mwisho mmoja wa benchi amekaa bibi mzee. Mwisho mwingine amekaa bibi harusi na bwana wake, na sisi wengine tumebanana nao kama visamaki vya sambaza kwenye bakuli. Katikati kuna nafasi tupu inayotosha mtu mmoja. Yule mzee hatazami kamera. Ametazama kando, mkono ameuinua, mdomo uko wazi. Sasa kijana mmoja wa kwaya, siku ya pili ya matanga, akauliza ni nani alikosa pale kwenye picha. Mtu akamjibu kwamba labda alikuwa ameenda kukojoa, na watu wakacheka lile cheko dogo la matangani.

Nilicheka nao, kisha nikakasirika. Niliangalia huku na huku nikaona kwamba katika chumba kile chote nimebaki peke yangu ninayejua. Tonton Deo, mume wa Tantine, alitangulia zamani. Noela yuko ng'ambo, maziko ya mama yake ameyaangalia kwenye simu. Mimi nisiposema, ile nafasi itabaki kuwa ya mtu aliyeenda kukojoa, na hilo siwezi kulikubali. Nimefundisha watoto wa shule ya msingi karibu maisha yangu yote, na ninajua kwamba jambo ambalo halikusemwa na aliyeliona litasemwa na ambaye hakuliona, tena kwa sauti kubwa zaidi. Basi nalisema.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka Luvungi kuja kusoma mwaka wa tano wa sekondari. Mtu aliyekulia kwenye tambarare ya Ruzizi anajua kwamba dunia ni kitu kilicholala. Ukisimama mlangoni kwenu unaona mashamba ya mpunga, unaona ng'ombe, unaona mtu anayekuja ukiwa bado na muda wa kumpikia. Bukavu ilinitisha. Huku ardhi yote imesimama. Jirani mmoja yuko juu ya kichwa chako, mwingine yuko chini ya miguu yako, na ukiangusha chungwa mlangoni unaliaga papo hapo. Wiki za kwanza nilitembea nimeshika kuta, Noela akinicheka na kuniambia kwamba watu wa Luvungi wanajua kupanda mpunga tu, mlima hapana. Tonton Deo, baba yangu mdogo, alikuwa karani wa ofisi mwenye Kifaransa kingi, na nyumba yake ilikuwa na salon ya viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, ambavyo hakuna aliyethubutu kuviegemea. Nyuma ya nyumba, ndani ya lupango hiyo hiyo, ua mmoja, kulikuwa na jengo dogo la jikoni na chumba kimoja pembeni. Katika chumba hicho alilala mama yake Tantine, ambaye sote tulimwita Koko, na mimi nikawekwa pamoja naye.

Hakuwa koko wangu wa damu, lakini ukilala na mtu chumba kimoja, ukiamka na harufu ya makaa ya mbabula yake na maharage yake yanayochemka tangu alfajiri, damu inakuwa habari ya karatasi tu. Alikuwa mdogo wa mwili, mgongo umenyooka, na kwenye paji la uso alikuwa na bonde linalotoka upande huu wa kichwa hadi upande ule. Ni ukanda wa kubebea mizigo uliomchora hivyo. Wanawake wa milima hii wanabeba mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, na wengine wanaanza wakiwa watoto ambao mifupa yao haijakomaa. Usiku alipovua kitambaa cha kichwa nililiona lile bonde, nikatamani kuligusa, nikaogopa. Na alikuwa na tabia moja iliyochekesha nyumba nzima. Chakula kikiwa tayari mezani, Koko alitoka chumbani kwetu, akavuka uwanja, akafika mlango wa salon na kusimama. Mlango uko wazi, tunamwona, anatuona. Alikohoa kidogo na kungoja. Mpaka mtu aliye ndani aseme, "Karibu, ingia," hapo ndipo mguu wake ulipovuka kizingiti. Kila siku, mchana na jioni, nyumba ya binti yake mwenyewe. Tonton alimtania kwamba bugali itapoa kwa protokoli. Koko alijibu kwamba nyumba yenye watu haiingiwi kama zizi, akanawa mikono na kukaa.

Chini ya nyumba yetu ilikuwa Jardin. Hivyo ndivyo watu walivyoiita, neno lenyewe tu, kana kwamba duniani hakuna bustani nyingine. Ilijengwa zamani za ukoloni na Mzungu mmoja mwenye mali, nayo ilishuka ubavu wa mlima kwa ngazi na matuta, imezungukwa na ukuta wa mawe meusi mrefu kuliko mtu mwenye mzigo. Baada ya uhuru ikawa bustani ya mji. Ilikuwa na mlango juu, karibu nasi, na mlango mwingine chini, karibu na ziwa. Maji yakikatika kwenye bomba, nasi tulikuwa tumezoea, watoto wa mtaa walibeba mitungi na kuteremkia ziwani. Mara ya kwanza nilipotumwa nilikuwa peke yangu, Noela amekwenda kwa mshonaji. Nikaona mlango wa juu uko wazi, watu wanaingia na kutoka, nikaingia.

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichokiona, na kila mara watoto wangu wa darasani walinitazama wakingoja niendelee. Nilipita chini ya upinde wa mawe, ukuta ukawa nyuma yangu, na mbele yangu hapakuwa na kitu. Halafu hicho kisichokuwa kitu kikaanza kuwa maji. Maji mengi kiasi kwamba macho hayakujua yaanzie wapi, yametulia kabisa, na milima ya Rwanda imesimama ng'ambo rangi ya buluu, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka wa mwisho huwezi kusema kama ni mlima au ni wingu. Rasi za Bukavu zilikuwa zimenyoosha shingo ndani ya ziwa kama ng'ombe wetu wanaponywa. Niliweka mtungi chini. Kwenye tuta la pili kulikuwa na mwanafunzi anatembea huku na huku akikariri masomo yake, nikamuuliza ile kona kule, pale ziwa linapobana na maji yanaanza kutembea, ni nini. Akaniambia, bila hata kuinua macho kwenye kitabu, kwamba ni Ruzizi. Mto nilioogea tangu kuzaliwa, ule mpana, wenye matope, uliotunywesha na kutuotesha mpunga, mto ambao kwetu tuliamini unatoka tu huko juu kama mvua inavyotoka juu, nilikuwa nauona unazaliwa. Ulikuwa mwembamba na kijani, na ulikuwa na haraka. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, sijui kwa nini, nikimshukuru Mungu kwa sauti kama mlevi.

Niliporudi na maji walishangaa kuniona mapema vile. Tantine aliniuliza kama nimeyachota kwa jirani. Hapo ndipo nilipojua kwamba katika nyumba ile hakuna aliyepita katikati ya Jardin. Wote walizunguka ukuta kwa nje, njia ndefu ya matope inayopita nyuma ya mashamba ya watu, wakipanda na kushuka na mitungi, wakati mlango uko wazi mbele ya macho yao. Nikamuuliza Noela kwa nini. Alifikiri, kisha akasema njia ni ile, tangu zamani ni ile. Mama yake alimpitisha huko alipokuwa mdogo, na mama yake mwenyewe alipitishwa huko na Koko. Noela alikuwa ameingia Jardin mara kadhaa, na wenzake wa shule, siku za sherehe. Lakini akiwa na mtungi miguu yake ilizunguka ukuta yenyewe. Jioni Koko aliniita kando ya mbabula.

"Umepitia wapi?"

"Kati, Koko. Mulango iko wazi."

"Na ni nani alikuita?"

Nikasema hakuna aliyeniita. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye maharage yake.

Kisha Noela akachumbiwa. Wanaojua Bukavu wanajua kwamba harusi ya Bukavu ina misa, ina karamu, na katikati ya misa na karamu ina picha. Msafara wa magari unapiga honi mji mzima hadi mahali penye ziwa, na kama hamkupiga picha penye ziwa watu watauliza kama kweli mlifunga ndoa. Sisi tulikuwa na Jardin chini ya mlango wetu, hakukuwa na la kujadili. Noela alitaka kitu kimoja tu: Koko akae naye kwenye benchi la mawe, lile lililo karibu na mlango wa juu. Koko ndiye aliyemlea, alimfundisha kusema na kusali. Koko alisema atakwenda misa, atakwenda kwenye karamu, atacheza miguu ikimruhusu, lakini Jardin haingii. Aliombwa akakataa. Tonton Deo alimshika mkono Jumapili moja baada ya misa, wakashuka naye hadi mlangoni, akimwambia, "Twende, maman, twende pamoja." Koko alisimama pale, miguu imeota mizizi, akasema wao waende, yeye atangoja. Walirudi Tonton amenuna.

Ukuta kati ya chumba chetu na jikoni ulikuwa wa mbao, na kila kilichosemwa jikoni tulikisikia kama tumo ndani ya sufuria. Jioni ile Koko alikuwa bado nje anafukuza kuku walale, nami nilikuwa kitandani na kitabu changu. Nilimsikia Tonton akisema kwamba mama mkwe wake ana ugonjwa wa wakati wa Wazungu, kwamba mtu anafunguliwa mlango lakini kufuli linabaki kichwani. Kisha nikasikia Tantine analia. Alisema Kwaresima ikiisha ni harusi, na baada ya harusi kaka yake anakuja kumchukua Koko, ampeleke kijijini, milimani, kwa sababu miguu inakwisha na mwenyewe anataka kuzikwa huko. Hatarudi tena mjini. "Picha ile njo itabakia," alisema. "Mutoto wangu ataangalia nini, kiti mutupu?" Tonton akamwambia asilie, chumvi itazidi kwenye mboga ya sombe. Alikuwa anajaribu kumchekesha, lakini sauti yake nayo ilikuwa imepasuka.

Mimi nilikuwa nampenda Koko, na nilikuwa na umri ule wa kuamini kwamba mtu mzima akikataa jambo ni kwa sababu hajaulizwa vizuri. Basi mchana mmoja tulikuwa tunachambua maharage uwanjani, nikamuuliza. Alinieleza bila kuacha kazi, mikono inatenga mawe, mdomo unatenga maneno. Alisema ukuta ule aliubeba yeye. Alikuwa msichana mdogo zaidi yangu, na mama yake, na wanawake wengi wa kijiji chao walioamriwa kuja. Mawe yalitoka chini, kando ya ziwa. Waliyabeba mgongoni kupanda mlima mzima, na waashi waliyapokea kwa nje, maana wanawake hawakuruhusiwa kuvuka ndani, wangekanyaga maua. Ukuta ulipokaribia kwisha, Mzungu mwenye bustani aliwaambia kupitia mkalimani kwamba siku ya kufungua wote waliobeba mawe wataitwa, wataingia, watakula ng'ombe. Mama yake Koko alikuwa na kitambaa kimoja kizuri. Alikiosha, wakaja asubuhi wakasimama mlangoni na wenzao. Magari yaliingia. Ndani walisikia muziki, na nyama ilinukia mpaka watoto wakaanza kulia. Walisimama mpaka jua likazama, na mlinzi akatoka kuwaambia warudi makwao.

"Maman yangu hakukasirika," Koko alisema. "Alisema, habajatuita bado. Siku batatuita, tutaingia."

Na mpaka anakufa yule mama alizunguka ukuta kwa nje, akingoja. Nilimwambia Koko kwamba hayo yamekwisha, uhuru ulikuja, Mzungu alikwenda zake, mlango ukafunguliwa wazi. Alisema anajua, alikuwepo. Siku ile mji wote ulikimbilia Jardin. "Batu baliingia sawa vile maji inaingia," alisema. "Hakuna mutu alibakia pale ndani ya kuita bengine." Nilimshika mkono wenye vumbi la maharage, nikamwambia kwa moyo wote kwamba tutaenda naye, mimi na yeye, nitamshika hivi hivi. Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeletewa zawadi nzuri isiyomfaa, akaendelea kuchambua.

Nimefikiria sana tabasamu lile. Sasa nina umri wake wa wakati ule, na nimewaona watu wengi wakisukumwa kwenda mahali pazuri na watu wanaowapenda. Tunadhani upendo ni kumshika mtu mkono na kumvuta. Jardin yenyewe leo sehemu ya chini ya ukuta imeanguka na mvua, nyumba zimepanda mpaka kwenye ngazi, na vijana wanaingia na simu zao kujipiga picha, migongo wameipa ziwa. Siwalaumu, ziwa walizaliwa nalo. Lakini kila nikipita pale ninaona yale mawe, kila jiwe ukubwa wa kichwa cha mtu, na ninahesabu kwa macho migongo iliyoyapandisha, nashindwa.

Wiki ya mwisho kabla ya harusi mvua ilinyesha mchana, mvua ya Bukavu isiyotoa taarifa. Tulikuwa mezani, nyumba imejaa mashangazi waliokuja kwa ajili ya maandalizi, kelele tupu, sahani zinazunguka. Nikageuza kichwa nikamwona Koko mlangoni. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, yanafuata lile bonde la paji la uso na kumwagika kwenye masikio. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Hatua moja tu na angekuwa pakavu. Alikohoa, lakini kwa kelele zile hakuna aliyesikia, na alisimama tu, hana haraka, hana kinyongo. Tantine akamwona, akasema, kijiko mkononi, "Maman, karibu, ingia." Koko akaingia, akajipangusa, akakaa. Nilikuwa nimeliona jambo lile kila siku tangu nilipofika, na siku ile ndipo nilipoliona.

Jumamosi ya harusi Noela alikuwa mzuri mpaka Tonton alishindwa kusema Kifaransa. Baada ya misa magari yalizunguka mji yakipiga honi, yakashuka Muhumba, watu wakamiminika ndani ya Jardin wakiwa wamevaa kitambaa kimoja cha familia, kijani chenye ndege. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya ziwa, na mpiga picha alikuwa anayatazama zaidi kuliko alivyomtazama bibi harusi. Koko alikataa gari. Alikuja kwa miguu, njia yake ya nje, polepole na fimbo, amevaa kitambaa hicho hicho cha ndege, na akafika mlango wa juu akasimama. Tantine alimkimbilia, akatoka nje hadi alipo, akamshika bega, akamwomba mbele ya watu. Mashangazi nao wakatoka, mmoja anavuta mkono huu, mwingine anasukuma mgongo, kila mmoja anasema twende. Noela alikuwa amesimama kando ya benchi na maua yake, machozi yanashusha rangi aliyopakwa machoni. Ngurumo ikasikika upande wa Rwanda.

Mimi nilikuwa nje pamoja nao. Nilijichomoa, nikapita chini ya upinde, nikaingia ndani hatua chache, nikageuka nikaangalia mlango. Nilikunja mikono tumboni kama mama mwenye nyumba, nikaita.

"Koko, karibu. Ingia."

Mashangazi walimwachia. Tantine alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Koko aliinua uso.

"Ni nani anaita?"

"Ni miye, Koko. Mapendo."

"Na uko mwenye hapa?"

Kwa kweli sikuwa nimelifikiria swali hilo. Nilikuwa msichana wa Luvungi, hata mwaka sijamaliza Bukavu, ninalala chumba cha jikoni kwa hisani ya baba mdogo. Jibu la adabu lilikuwa hapana. Lakini upande mmoja niliuona ule ukuta, na upande mwingine niliijua kona ile ambako mto wetu unaanza kutembea, na nikasikia sauti yangu inatoka kubwa kuliko mimi.

"Ndiyo. Hapa ni kwetu. Karibu."

Alimpa Tantine fimbo. Alivua viatu vyake vya harusi, akavishika mkononi, akainama kidogo kama anavyoinama mtu anayeingia kwa watu wanaoheshimika, akavuka. Mtu yeyote anayeingia Jardin macho yake yanakimbilia ziwa. Yeye aligeukia ukuta. Aliusogelea, akaweka kiganja juu ya mawe, akakipitisha polepole. Kwa ndani mawe yale yalikuwa yamechongwa, yamelainishwa, yamepangwa vizuri, tofauti kabisa na upande wa nje. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe uso wake uko huku, wao waliujua mgongo tu. Baada ya hapo ndipo alipogeuka. Niliona ziwa linaingia machoni mwake. Alishika mdomo kwa mkono, na watu wote waliokuwa pale, mashangazi, magarsoni wa bwana harusi, wapiga honi, wakageuka naye, na sisi tuliozoea kuliona ziwa lile tuliliona upya, kubwa, limegeuka rangi ya chuma chini ya mawingu, na mwanga mmoja umetoboa ukaangukia maji ya mbali. Tonton Deo alivua kofia.

Tukamkalisha kwenye benchi. Alipumua, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza kama siku hizi watu wanakaribishana na mikono mitupu. Tukacheka, kisha tukaona hacheki. Alikuwa anangoja. Chakula chote kilikuwa kwenye karamu, upande wa pili wa mji. Patrice, bwana harusi, mtu mpole wa suti nyeupe ambaye mpaka siku ile sikuwa na maoni juu yake, alishuka ngazi zote mbio hadi mlango wa chini, ambako palikuwa na mchoma nyama, akapanda tena anahema, brochette zimefungwa kwenye gazeti, mafuta yanatiririka kwenye glovu zake.

"Ni ya ngombe?" Koko aliuliza.

Patrice alinitazama. Nikatazama ziwa.

"Ni ya mbuzi, Koko," akasema.

"Haina neno. Tumengoja sana, na mbuzi itafaa."

Akala. Tulimtazama akitafuna polepole, meno machache aliyobaki nayo yanafanya kazi yao, mpaka akamaliza kijiti kimoja. Cha pili alikishika mkononi, hakukigusa. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, mpiga picha akapiga makofi kwamba tukae, tukae upesi. Noela alikuja na gauni lake lote akakaa ubavuni pa Koko. Koko akamsukuma kidogo kwa kiwiko, kwa upole, asogee. Noela akasogea. Akamsukuma tena. Sote tukasogea, tukabanana kule mwisho, hatujui anataka nini, mpiga picha analalamika kwamba katikati pamebaki wazi. Koko akageukia mlango, ambako sisi hatukuona mtu, akainua mkono wenye nyama, akaita, sauti ya mtu aliye nyumbani kwake akimwona mgeni amesimama nje kwenye mvua.

"Maman," alisema. "Karibu. Ingia."